Saa moja, makao manne!

Jamani, wenzangu mnaotunza mifumo ya wavuti, mpangilio mmoja tu wa saa unahitaji makao manne kweli? Uko kwenye faili la config, yaani la mipangilio ya programu. Uko kwenye .env, faili dogo la thamani za mazingira. Uko kwenye vigeu vya mazingira vya seva yenyewe, thamani ambazo seva huipa programu. Halafu uko kwenye keshi, nakala ya mipangilio iliyohifadhiwa tayari, na huyu ndiye mchawi.

Risiti ya dagaa inakatwa Kibirizi, Kigoma, saa moja asubuhi, inasomeka saa kumi usiku! Sababu ni moja: programu imebaki UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, badala ya Africa/Dar_es_Salaam. Unafungua .env, unarekebisha, unahifadhi. Wapi! Unawasha seva upya. Wapi! Kumbe mtu alishapitisha php artisan config:cache, amri ya kuhifadhi mipangilio kwenye keshi, na tangu hapo Laravel, mfumo wa PHP uliojengea programu, haigusi .env kabisa mpaka upitishe config:clear, amri ya kuifuta keshi hiyo. Mchuuzi anasubiri, Kigoma nzima inasubiri, wewe unabishana na faili lisilosomwa na mtu!

Haya, keshi umefuta. Bado UTC. Kigeu kilichowekwa kwenye seva kinaipiku .env, kimyakimya, bila onyo hata la herufi moja.

Na kwenye Node, inayoendesha JavaScript kwenye seva, ndiyo balaa: unaandika DEBUG=false kuzima taarifa za kusaka makosa, lakini hiyo "false" ni maandishi, na maandishi yasiyo matupu huhesabiwa kuwa kweli. Umezima, kumbe umewasha!

Kwenye Laravel, amri ya config:show itakupa thamani ya mwisho, lakini imetoka tabaka lipi, haisemi. Kuna ugumu gani programu ikiwaka kuandika mstari mmoja: "saa: UTC, kutoka kwenye keshi"?