Bwana Afya Asiondoke

Jamani, mimi nina ombi moja tu kwa wakubwa: mkaguzi wa afya akishafika mgahawani, asiondoke. Apewe kitanda pale pale kati ya jiko na kaunta, alale.

Maana siku anayokuja, mgahawa huutambui. Sabuni ipo kwenye sinki! Sabuni yenyewe, si lile chupa la maji yaliyowahi kusikia habari za sabuni. Mhudumu kavaa kofia, aproni nyeupe, kucha kakata. Ananiita "mheshimiwa", yule yule ambaye jana nilimwomba kijiko akakifutia kwenye suruali. Hata paka wa jikoni haonekani. Sijui huwa anapewa likizo ya malipo.

Eti ukaguzi wa kushtukiza. Anashtuka nani? Bwana afya hajashuka garini, tayari nyama mbichi imehamishiwa rafu ya chini kabisa ya friji, isichuruzikie chakula kilichoiva. Kumbe mnajua! Mnajua nyama mbichi ina ubao wake na kisu chake. Mnajua mikono inanawiwa kwa sabuni sekunde 20, cha moto kinakaa juu ya nyuzi 60 na cha baridi chini ya nyuzi 5. Yote mnayajua, ila gari likikata kona mnasahau. Kitambaa kile kile kinafuta meza, kinafuta kisu, kinafuta jasho, kisha kinarudi begani kwa heshima zake zote.

Bakteria nao hawasubiri ratiba ya ukaguzi. Wakipata uvuguvugu, wapo wanaojigawa kila dakika 20. Nilipiga hesabu siku moja nikisubiri chenji: mmoja tu akiachwa sufuriani saa moja asubuhi, ikifika saa nane mchana, ninapoingia na njaa yangu, wameshakuwa zaidi ya milioni 2. Na wote wametangulia kula. "Si tutakipasha?" ananijibu mwenye mgahawa. Pasha, baba. Lakini wapo wanaoacha sumu ambayo moto wako wala haiujali.

Cheti cha afya cha mpishi nacho kimetundikwa ukutani, kimekula moshi hadi tarehe haisomeki. Ukiuliza unaambiwa, "Mtazame mwenyewe, huyu anaumwa?" Hapo ndipo wananitisha zaidi. Kulikuwa na mpishi huko New York, Mary Mallon, mzima kabisa, kumbe kabeba vimelea vya homa ya matumbo. Mwaka 1907 wakamtenga. Baadaye wakamwachia kwa ahadi kwamba hatapika tena. Bibi akabadili jina, akarudi jikoni, tena jiko la hospitali! Mwaka 1915 wakamkamata upya. Tangu nijue habari hiyo, mpishi mwenye shavu linalong'aa simwamini. Walau anayekohoa namkimbia mapema.

Juzi ukaguzi ulipokwisha, mwenye mgahawa akamwandalia bwana afya sahani ya heshima, nyama zimepandana. Yule bwana akashukuru sana, akasifu usafi, akatia saini, kisha akasema samahani, yeye hubeba chakula chake kutoka nyumbani.

Sahani ikaletwa kwangu. Nikaitazama. Nyama zilikuwa nyingi mno, ndugu zangu. Nikanawa sekunde 20, nikala.