Idi Niliyonusurika Kuzikwa

Mtumishi anayestaafu Dar es Salaam hupewa ushauri wa bure na kila anayekutana naye: afuge kuku wa mayai, anunue bajaji, ajenge fremu za maduka. Mimi na mke wangu, Mama Mwajuma, tuliusikiliza ushauri huo wote kwa heshima, kisha tukaenda kununua kipanya, yaani Toyota Hiace iliyokwisha kuchoka kwa udaladala, tukawaambia watoto kwamba hiyo ndiyo nyumba yetu ya pili.

Fikra yenyewe ilitoka kwa mtoto wetu anayeishi Marekani, ambaye alikuwa akitutumia video za wastaafu wa huko wanaozunguka nchi yao katika magari yenye kitanda, jiko, choo na bafu. Kila majira ya baridi wazee hao hushuka kusini kufuata joto, hata mji mdogo wa Quartzsite, katika jangwa la Arizona, hufurika magari yao, na wanaoegesha kwenye kambi za kulipia huunganishiwa umeme na maji kama wamo nyumbani. Mama Mwajuma aliitazama video moja hadi mwisho, akavua miwani, akasema, “Baba Mwajuma, sisi joto hatuna haja ya kulifuata. Lakini ndugu zetu wametapakaa kutoka Bunju mpaka Mbagala, na kila sikukuu tunalazwa kwenye kochi la mtu.” Hilo la kochi lilinigusa, na liliponigusa ni mgongoni.

Basi viti vilitolewa, fundi wa Keko akatuchongea kitanda cha nne kwa sita, tukaweka mtungi wa gesi wa kilo sita, madumu ya maji na feni ndogo ya betri. Nafasi ya choo haikupatikana, kwa hiyo tukakubaliana kwamba kwa jambo hilo tutategemea vituo vya mafuta, misikiti na ukarimu wa wenyeji wetu. Naomba msomaji alishike hilo la choo, maana ndilo lililotaka kunipeleka kaburini.

Tabu ya kwanza ilikuwa mstari. Daladala za jiji hili hupakwa mstari wa rangi unaoonyesha njia zake, na sisi wetu tuliuacha kwa kubana matumizi. Siku moja tukiwa kwenye foleni ya Tabata, mama mmoja mwenye ndoo ya samaki kutoka Feri alifungua mlango, akaketi kitandani, akajipepea na kutuuliza kwa nini tumepunguza siti. Kabla hatujamjibu, mpiga debe alikwisha kuushika mlango na kuita abiria kwa sauti ya kukata tamaa, na tulipomwambia kuwa hili ni gari la familia alisema hiyo haimhusu, yeye ameshaita, alipwe. Tulimlipa. Yule mama tulimfikisha hadi Segerea, kwa sababu ndoo ilikuwa nzito na Mama Mwajuma ana huruma.

Baada ya hapo tuliamua kulipaka gari lote rangi nyeupe. Tulibadilisha na vibao vya namba, tukatoka kwenye vyeupe vya biashara tukaenda kwenye vya njano vya gari binafsi, na mke wangu akanunua Kariakoo kitambaa kizito cha kijani, akashona pazia za madirisha yote. Fundi rangi alipomaliza kazi alirudi nyuma hatua chache, akalitazama, akasema taratibu, “Mzee, limekaa kiheshima sana.” Nilimwongezea hela ya soda.

Mwezi ulipoandama na Idi el Fitri ikatangazwa, siku ya kwanza tulikula sikukuu kwa binti yetu, Mbagala. Idi pili tulikuwa tumealikwa kwa shemeji yangu, kaka yake Mama Mwajuma, anayeishi Mji Mwema, Kigamboni. Mtu anaweza kuingia Kigamboni kwa pantoni ya Magogoni, au kwa Daraja la Nyerere lililofunguliwa mwaka 2016, lakini aliye Mbagala hana sababu ya kurudi mjini: hupita nyuma, Kongowe, kisha Kibada, akatokea Mji Mwema. Mke wangu ndiye aliyekamata usukani, kwa kuwa mimi asubuhi nilikuwa nimekula pilau lililobaki usiku, na pilau la namna hiyo halimruhusu mtu kuendesha gari. Kulikuwa na kasoro moja tu: mkono wa indiketa ulikuwa umevunjika, na Mama Mwajuma akaamua kuwasha taa zote nne za dharura kwa pamoja, kwa hoja kwamba anayetuona atajua tunakata kona, na upande atauona mwenyewe tukishakata.

Nilipanda kitandani, kichwa mbele na miguu kwenye mlango wa nyuma. Kwa sababu ya nzi waliofuata vyombo vya chakula, nilijifunika shuka jeupe kuanzia utosini hadi kwenye vifundo vya miguu. Nililala kabla hatujatoka Mbagala. Yanayofuata nimeyapata kwa mke wangu, ambaye ni mkweli, na kwa shemeji, ambaye huongeza.

Mama Mwajuma anasema kuwa kuanzia Kongowe aliona mambo ambayo hajapata kuyaona katika barabara za Dar es Salaam. Dereva wa lori alirudi nyuma ili yeye apite. Bodaboda walisimama pembeni wote, bila mtu kuwaambia. Wanaume waliokuwa wamekaa nje ya saluni ya kunyoa waliinuka, mmoja akavua kofia. Trafiki alizuia magari ya pande zote, akamruhusu kwa mkono mmoja huku wa pili ameuweka kifuani, na mke wangu, ambaye alilelewa vizuri, akampungia na kumpa tabasamu pana la sikukuu. Anasema yule trafiki alionekana kushtuka kidogo. Yeye alijiambia kuwa kweli mfungo wa Ramadhani hulainisha nyoyo, akaendelea na safari yake polepole.

Nyuma yake ilikuwapo Coaster iliyojaa watu, ikifuatiwa na magari madogo, yote yamewasha taa za dharura. Alipopunguza mwendo yalipunguza, alipokata kona yalikata. Halikumshangaza, kwa maana kaka yake hualika watu wa kila mahali.

Sasa nieleze wale walikuwa nani. Walikuwa majirani wa mzee mmoja wa Mbagala aliyefariki usiku wa kuamkia siku hiyo, na aliyekuwa azikwe kwao Gezaulole, mbele ya Mji Mwema, baada ya swala ya alasiri. Ndugu wa karibu walikuwa na maiti katika Hiace nyeupe kutoka hospitali, na walipatana na majirani kwamba wakutane Kongowe waongozane, kwa sababu hao majirani nyumba ya Gezaulole hawaijui. Dereva wa Coaster alisubiri, akaona Hiace nyeupe, pazia za kijani, taa zinawaka, mwanamke aliyejitanda yuko kwenye usukani, akaunga nyuma. Baadaye alijitetea kuwa aliona tunaendeshwa kwa mashaka, lakini mwenye kuongoza msafara wa namna ile ni maiti, na maiti hapigiwi honi.

Nyumbani kwa shemeji kulikuwa na turubai lililofunga mtaa mzima, viti vya plastiki vimepangwa safu, wanawake wako kwenye mikeka, masufuria makubwa yako chini ya mwembe. Idi ya shemeji ndivyo ilivyo. Msiba wa Dar es Salaam nao ndivyo ulivyo, hadi rangi ya viti. Mama Mwajuma alizima gari na, kwa kuwa choo tulikuwa tumekikosa katika mpango wa fundi wa Keko, alishuka akapita katikati ya watu bila kumsalimia yeyote, mkono umeshika kanga, uso umekunjamana, akaingia ndani moja kwa moja. Waliomwona walisema wanawake wengine hujikaza hivyohivyo, halafu huangukia chumbani.

Coaster ikafunguka. Wanawake waliokuwamo walikuwa wamezuia machozi tangu Mbagala, na walipoliona turubai waliyaachia. Wifi yake mke wangu, aliyekuwa akigeuza pilau, alisikia vilio, akaliona gari letu, akasogeza macho hadi kwenye dirisha la nyuma ambalo pazia lake lilikuwa limefunguka, akaiona miguu yangu. Aliutupa upawa. “Mnyamwezi wa watu!” akapiga ukelele, na kilio kikahamia upande wa wenyeji. Kila upande ulipoona wa pili unalia uliona kwamba habari ni ya kweli.

Ikumbukwe kuwa Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, wazee wetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo mabegani, na mtani kwenye msiba ana haki zake. Bibi mmoja wa jirani, Mzaramo hasa, alitandika kanga nyuma ya gari, akalala juu yake, akaanza kukoroma kwa kuniigiza. Alitangaza kwamba Mnyamwezi hatashuka mpaka walipe, kwa kuwa amekula pilau la Wazaramo tangu ujana wake bila kuacha hata ukoko. Watu walicheka huku wakilia, kama desturi inavyotaka, na sarafu zikaanza kudondoka kwenye kanga. Wakati huohuo mjumbe wa mtaa, mtu mwepesi mno, alikuwa amekwisha kufungua daftari la rambirambi na kuandika majina.

Vijana wanne wa Coaster wakafungua mlango wa nyuma. Niliamshwa na sauti nzito za “La ilaha illallah” na mikono iliyonishika miguu, nikaona mwanga, nikahisi navutwa. Niliinua shuka, nikauliza, “Tumefika?”

Aliyeshika mguu wa kushoto aliuachia. Dhikri ilikatika katikati ya neno. Wawili walikimbia kuelekea baharini, na viatu vyao hatukuwarudishia hadi jioni, na wa nne alibaki ameukumbatia mguu wangu wa kulia kwa sababu, alivyoeleza baadaye, mikono ilikataa kufunguka. Viti vya plastiki vilianguka safu nzima. Mtu mmoja tu hakutikisika, shehe mzee wa kutoka Mbagala, aliyesogea hadi mlangoni, akanitazama kwa makini na kuuliza, “Bwana, wewe ni nani?”

Nilimpa shikamoo, nikamtajia jina langu, la baba na la babu.

Alifikiri kidogo. “Wewe siye,” akasema.

“Hapana, shehe,” nikamjibu. “Mimi siye.”

Yule mtani hakuondoka kwenye kanga yake. Alisema nimemharibia biashara kwa makusudi, kwamba Mnyamwezi hata kufa anafanya ubahili, na kwamba ada ya kufufuka ni mara mbili ya ada ya kushushwa. Nililipa palepale, nikiwa bado na shuka. Ndipo Mama Mwajuma alipotoka ndani, ametulia kabisa, akatazama viti vilivyoanguka na watu waliopanda ukuta wa jirani, akaniuliza kama nimekwisha kuwasalimia wageni wa kaka.

Simu ya dereva wa Coaster ilikuwa imejaa miito ambayo hakuipokea, kwani aliona si adabu kuongea na simu katika msafara. Maiti alikuwa amefika Gezaulole, na wenyewe walikuwa wakishangaa majirani wamepotelea wapi. Shehe alitazama saa, akasema waondoke. Shemeji akasema hapana, siku ya Idi mgeni haondoki mlangoni kwake na njaa, hata kama amekuja kumzika shemeji yake. Walibishana kwa heshima kubwa, kila mmoja akimwita mwenzake mzee wangu, mpaka ikakubaliwa kuwa sufuria moja la pilau lipakiwe kwenye Coaster. Fedha zilizokuwa kwenye daftari alikabidhiwa shehe azipeleke panapostahili. Nililipitia lile daftari kabla halijafungwa, na niliona kuwa aliyetoa kiasi kikubwa kuliko wote ni jamaa mmoja niliyemkopesha tangu mwaka juzi, ambaye siku zote huniambia hana kitu.

Kwa kuwa wageni hawakuijua njia, na shemeji anaijua, ilibidi sisi ndio tuwaongoze hadi Gezaulole. Mke wangu alikataa katakata nisipande nyuma. Nilikaa mbele, wima, kioo kimeshushwa, na kila tulipopita watu nilitoa mkono na kuwasalimu ili pasiwe na shaka. Tuliswali, tukazika, nami nilitia udongo wangu mara tatu kama wengine, ingawa habari zilikuwa zimenitangulia na waliosimama karibu yangu walinipisha nafasi kubwa kuliko iliyohitajika.

Tulipokuwa tukiaga, mjomba wa marehemu alikuja kutushukuru. Kisha alilizunguka gari letu polepole, akafungua mlango wa nyuma, akalibonyeza godoro, akazigusa pazia, na kuniuliza tunalikodisha kwa siku shilingi ngapi. Nilikuwa bado natafuta maneno ya kumweleza kuhusu wastaafu wa Arizona. Mama Mwajuma alikwisha kumtajia bei, mafuta juu yake.