SHA: Mwenye mshahara anakatwa, asiye na mshahara anakisiwa

Ukitaka kuitendea haki Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, inayosimamia bima ya afya ya Wakenya, anza na hesabu ya mshahara. Chini ya NHIF, hazina ya bima ya hospitali iliyokuwapo tangu 1966 kabla ya SHA, Mkenya wa mshahara wa Sh100,000 alikatwa Sh1,700 kwa mwezi. Bosi wake wa Sh1,000,000 naye alikatwa Sh1,700 zizo hizo, huku mlinzi wa Sh20,000 akikatwa Sh750. SHA ilipoanza kazi Oktoba 2024, wote waliwekwa kwenye asilimia 2.75: mlinzi sasa analipa Sh550, wa laki moja Sh2,750, bosi Sh27,500. Wenye mishahara mikubwa walilalamika sana, na wana hoja wanaposema mwajiri haongezi hata senti juu ya mchango wao. Hata hivyo, bima haiwezi kuitwa ya jamii ikiwa bosi na karani wake wanachanga sawa. Hapo serikali ilifanya jambo la haki, na wapinzani wake wangekubali hivyo bila kumung'unya maneno.

Tatizo liko kwa wasio na mshahara. Zaidi ya asilimia 80 ya Wakenya walio kazini wako katika sekta isiyo rasmi: mama mboga, fundi wa juakali, mwendesha bodaboda, mkulima mdogo. Hao pia wanadaiwa asilimia 2.75 ya mapato ya nyumba yao, kima cha chini kikiwa Sh300 kwa mwezi, ila walipe ya mwaka mzima kwa mara moja. Kwa kuwa hakuna anayejua wanapata ngapi, mfumo unakisia. Unaulizwa nyumba imeezekwa kwa nini, sakafu ni ya nini, choo ni cha aina gani, unapikia kuni au gesi, una mifugo mingapi. Ukimaliza kujibu, unaletewa kiasi cha kulipa.

Wanaotetea mpango huu si watu wa kupuuzwa. NHIF iliumizwa na mazoea tunayoyajua sote: mtu anakaa miaka bila kulipa, daktari akimwambia kuna upasuaji ndipo anakimbilia M-Pesa, akipona anapotea. Hazina ya namna hiyo haiwezi kudumu, kwa sababu wanaoingiza pesa ni wale wale wanaozitoa. Malipo ya mwaka yanaziba mwanya huo. Tena kima cha chini cha Sh3,600 kwa mwaka ni nafuu kuliko Sh500 za kila mwezi alizotozwa mwanachama wa hiari wa NHIF, ambazo ni Sh6,000. Ukiongeza kwamba SHA ilianza kwa kutoa hadi Sh550,000 kwa mwaka kwa nyumba yenye mgonjwa wa saratani, utaona kwa nini aliyeuza shamba kumtibu mzazi hawezi kuubeza mpango huu.

Lakini chukua mjane wa Nyeri anayeishi katika nyumba ya mawe aliyoachiwa na mumewe. Sakafu ni ya saruji, stima ipo, ng'ombe yupo mmoja. Mfumo unaona mali. Hauoni kwamba nyumba hiyo haiwezi kuuzwa, kwamba ng'ombe amekauka, na kwamba pesa taslimu anayoipata ni ile anayotumiwa na mwanawe kutoka Nairobi, mwezi mwingine ipo, mwezi mwingine haipo. Jirani yake anayepanga chumba cha mabati huku akiuza nguo za mitumba kila siku huenda akakisiwa kiasi kidogo kuliko yeye. Kukata rufaa kunahitaji kujua pa kuanzia, na wengi hawajui.

Halafu kuna suala la kalenda, ambalo nadhani limezungumzwa kidogo mno. Mkulima wa mahindi wa Trans Nzoia hushika pesa baada ya mavuno, kuelekea mwisho wa mwaka. Mwambie alipe Desemba, atalipa. Mwambie alipe Mei, mbolea imeshameza kila kitu. Mchuuzi wa samaki wa Kisumu yeye hupata kila siku na kutumia kila siku. Hana msimu wa kushika Sh3,600 kwa mpigo, ila Sh10 kila jioni hazimshindi. Mwaka 2025 serikali ilileta Lipa SHA Pole Pole, mkopo wa kulipia mchango wa mwaka kwa awamu. Ni hatua nzuri, ingawa inamfanya mtu awe mdeni kabla hajaugua.

Ninapokataa kabisa hoja ya serikali ni kwenye uzazi. Chini ya Linda Mama, mpango wa awali wa serikali wa uzazi bila malipo, mjamzito alijifungua bila kuulizwa mchango. Sasa SHA inalipa hospitali Sh10,000 kwa uzazi wa kawaida na Sh30,000 kwa upasuaji, ila mchango wa mama uwe umelipwa. Hofu kwamba watu watajitokeza wakiwa na haja tu haina nafasi hapa. Tunataka kila mama ajitokeze akiwa na haja. Aliyefika na uchungu usiku bila mchango hakupanga kuilaghai hazina, na akirudi kwa mkunga wa kijijini kwa kuogopa bili, taifa ndilo linalopata hasara.

Husemwa sana kwamba Wakenya hawana utamaduni wa bima. Sikubali. Mtu akilazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, kabla ya jioni kuna kundi la WhatsApp, kuna mweka hazina, kuna namba ya paybill, na orodha ya waliochanga inapandishwa kila saa. Watu wenye vipato vidogo wanatoa Sh200 kwa ajili ya mgonjwa ambaye pengine hawajamwona miaka mitatu. Wanatoa kwa sababu wanaona pesa ilikoingia na ilikotoka. SHA imesajili zaidi ya watu milioni 20, lakini wa sekta isiyo rasmi wanaolipa ni sehemu ndogo tu. Hospitali za kibinafsi zilipositisha huduma mapema 2025 zikidai madeni, mengine yakiwa ya enzi za NHIF, mwananchi alipata sababu ya kungoja. Serikali nayo ilifungia makumi ya vituo kwa madai ya kughushi wagonjwa. Pande zote mbili zilikuwa na ushahidi. Aliyebaki mlangoni na kadi yake ni mgonjwa.

Kwa maoni yangu Hazina Kuu, yaani mfuko wa serikali wenyewe, ndiyo ibebe zahanati na vituo vya afya, uzazi, na michango ya wasiojiweza, ambao serikali ilianza kuwalipia mwaka 2025. Najua jibu la Hazina Kuu: pesa hakuna, riba ya madeni inakula bajeti, na Marekani ilipositisha misaada yake Januari 2025, dawa za Ukimwi zenyewe ziliingia hatarini. Ni kweli. Ndiyo maana sisemi serikali ilipie kila kitu. Upasuaji mkubwa, usafishaji wa figo na saratani vibaki kwenye mchango, na mchango huo ukusanywe pale ambapo watu tayari wanakusanya: kwenye chama cha akiba, kwenye ushirika wa maziwa, kwenye sacco ya bodaboda. Rwanda inatoza kwa mwaka pia, lakini vikundi vya akiba vya mitaani, ibimina, ndivyo vinavyowasaidia wengi kufikisha kiasi hicho.

Rwanda hiyo hiyo iliwahi kuwaachia wanakijiji wapange nani ni maskini, na huko nako watu walilalamika kuwekwa kundi lisilo lao. Kwetu orodha ya kijiji ingeweza kuangukia mikononi mwa chifu mwenye jamaa wengi. Kwa hiyo sipendekezi maswali ya mfumo yatupwe. Kiasi kilichokisiwa kipitie kwanza kwa mhudumu wa afya ya jamii, ambaye hutembelea nyumba hizo na anajua ng'ombe yupi anakamuliwa, naye awe na uwezo wa kuomba kipunguzwe, jibu litoke ndani ya siku chache, na mgonjwa atibiwe wakati linasubiriwa.