Namba Tano Zilizogoma Kutoka Kichwani

Kichwa changu hakina adabu. Nikiambiwa vitu vitatu vya kukumbuka, narudi na kimoja, tena sicho. Neno la siri la barua pepe nalibadilisha leo, kesho naomba nitumiwe tena kiungo cha kulibadilisha. Lakini niamshe usiku wa manane uniulize namba ya simu ya nyumbani kwetu nilipokuwa darasa la pili: naitoa yote bila kupepesa macho, pamoja na sauti ya mama akiitamka. Simu yenyewe ilishakatwa zamani, waya ukang'olewa, nyumba ikauzwa. Namba bado imekaa humu kama mpangaji asiyelipa kodi, na sina hata mlango wa kumfungia.

Tulifundishwa hiyo namba kabla hatujajua kufunga kamba za viatu. Ukipotea, unataja jina la baba na namba ya simu, basi, utarudishwa. Mama alituimbisha: sauti inapanda kwenye tarakimu ya pili, inashuka kwenye ya nne. Mpaka leo siwezi kuitaja bila kuiimba. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller, aliandika mwaka 1956 kwamba akili ya mtu inashika kwa mkupuo mmoja vitu kama saba, ongeza viwili au punguza viwili. Namba yetu ilikuwa na tarakimu tano. Iliingia ikabakisha na nafasi ya wageni. Sasa nyie mnanitajia tarakimu kumi mbiombio, tena mnakasirika nikisema rudia.

Na laiti ingekuwa namba ya starehe! Yetu ilikuwa na sifuri mbili na tisa moja. Wasiojua mateso ya sifuri mbili niwaeleze. Simu ya kuzungusha unaingiza kidole kwenye tundu la tarakimu, unavuta kisahani mpaka kidole kigonge kile kichuma cha kuzuia, unaachia. Kisahani kinarudi chenyewe, krrrrr, na katika kurudi ndipo kinakatakata umeme kwenye waya ili mtambo wa kituo cha simu uhesabu: moja inakata mara moja, mbili mara mbili, na sifuri, kwa mitambo mingi, mara kumi. Mwendo wake mikato kumi kwa sekunde. Yaani sifuri moja ilikula sekunde nzima kwa kurudi tu, kuvuta hujahesabu. Na ole wako ukisukuma kisahani kwa kidole ili kiwahi. Mtambo unakosea hesabu, unapelekwa kwa mzee mmoja mkali ambaye sijawahi kumwona, ila sauti yake naijua kuliko ya mjomba wangu.

Rafiki yangu mmoja, namba ya kwao ilikuwa moja na mbili tupu. Huyo alipigiwa na darasa zima. Nilidhani ananizidi sura, kumbe ananizidi kisahani. Na msidhani natania. Mwaka 1947 Marekani walipopanga misimbo ya maeneo, zile tarakimu za mbele zinazotaja eneo unalopigia, New York wakaipa 212, Chicago 312, Los Angeles 213, ili miji inayopigiwa sana ipate tarakimu za kurudi upesi. Mikato mitano, umeshagusa New York. Kutupigia sisi, mtu angeweza kwenda kunawa uso akarudi, akaikuta sifuri ya pili bado iko njiani. Simu za kubonyeza zilianza kuuzwa huko Marekani mwaka 1963, lakini nani angemwambia baba abadilishe kitu ambacho hakijaharibika?

Halafu kuna Waingereza. Mwaka 1937, London ikaanzishiwa namba ya dharura, wakachagua 999. Nyumba inaungua, wewe unavuta tisa, unangoja irudi, unavuta tisa nyingine, unangoja, paa linaanguka, bado unadaiwa tisa moja. Utotoni niliona huo ni ukatili mtupu. Baadaye nikaelewa kwamba 111 ingekuwa hatari zaidi: waya zikigusana kwa upepo tu, mtambo unaweza kuhesabu mkato mmoja, na mmoja, na mmoja, gari la zimamoto likatumwa kwa ajili ya upepo. New Zealand wao walikipanga kisahani kinyume, moja ikakaa mahali pa tisa, kwa hiyo walipochagua 111 mikato ikawa ileile ya 999. Ukimbie huku au kule, moto unakusubiri uvute.

Nimefuatilia pia nani wa kulaumiwa. Ni daktari. Mwanzoni watu hawakuwa na namba. Ulinyanyua simu ukamtajia opareta jina la mtu, naye akakuunganisha kwa kuwa anawajua wote. Mwaka 1879, mji wa Lowell huko Massachusetts ukaingiwa na surua, na Dakta Moses Greeley Parker akapata wasiwasi: maopareta wakiugua wote, hao wa kushika nafasi yao watajuaje kwenye ubao wa kuunganishia tundu la nani ni lipi? Akashauri wateja wapewe namba. Surua ikapita, namba zikabaki. Kisha akaja Almon Strowger, mtu wa shughuli za mazishi kule Kansas City. Inasemekana alishuku kwamba opareta anawaelekeza wafiwa kwa mpinzani wake. Akabuni mtambo wa kuunganisha simu bila opareta, akapata hataza, ile hati ya kuulinda ubunifu wake, mwaka 1891. Kwa hiyo kidole changu kilichubuka kwa sababu ya surua na maiti, na hakuna aliyewahi kuniomba radhi.

Bili ilipofika, nyumbani kulikaa baraza. Kila mtu alikana. Kwa maelezo ya familia nzima, simu yetu ilikuwa ikijipigia yenyewe usiku. Baba akanunua kile kikufuli cha kisahani, akakitia kwenye tundu la kwanza, ufunguo ukalala mfuko wa shati. Mkono wa simu unanyanyuka, mlio unausikia vizuri, ila kisahani hakiendi popote.

Hapo ndipo kaka yangu mkubwa akaonyesha kwamba ile ada ya shule haikupotea yote. Aliwaza hivi: kazi ya kisahani ni kukatakata umeme tu. Na kile kitufe kinachokaliwa na mkono wa simu, ukikibonyeza, si nacho kinakata umeme? Basi akawa anakigonga kwa kidole cha shahada: ta-ta-ta-ta, anatulia kidogo, ta-ta, anatulia. Sifuri anagonga kumi bila kuvuta pumzi, ulimi umemtoka pembeni, jasho linamtiririka kwenye sikio. Mimi nimewekwa mlangoni kuchungulia baba, huku nahesabu naye kimoyomoyo. Akizidisha mkato mmoja, tunatukanwa na yule mzee mkali. Mara nyingine nahisi alikuwa anaisubiri simu yetu.

Mwisho wa mwezi bili ikaja palepale. Baba akaangalia bili, akaangalia kufuli, akaangalia bili. Akalitikisa kufuli. Kisha akaandika barua ya kurasa mbili kuwaambia wenye simu kwamba mtambo wao ni mwizi. Kaka ndiye aliyetumwa kuipeleka posta.

Faragha ilikuwa hakuna. Simu ilikaa sebuleni, na ule waya wa kujiviringa ukiuvuta mpaka unyooke unafika mlangoni, hauvuki. Ukitaka kusema neno la moyoni unaliambia ukuta, na nyuma yako televisheni imepunguzwa sauti ghafla. Bora sisi. Kuna waliokuwa na laini ya kuchangia, nyumba kadhaa kwenye waya mmoja, ukinyanyua unakuta jirani anaeleza ugomvi wake. Ustaarabu ulikuwa urudishe mkono wa simu polepole. Baada ya kujua nani ana makosa.

Lakini haki yake niitoe: umeme ulipokatika, simu haikukatika. Ilikunywa umeme wake kupitia waya uleule, kutoka kwenye betri za kituo cha simu, volti 48 hivi. Nyumba giza totoro, unampigia jirani kumuuliza, "Na kwenu umekatika?" wakati dirishani unaona kabisa kwamba umekatika. Siku hizi umeme ukizimika kidogo tu, natembea nyumbani kwangu nikiomba chaji kwa watoto niliowazaa, na wananiuliza ya kazi gani.

Sasa juzi nafungua akaunti moja ya mtandaoni. Siitaji, wasije wakanifungia. Likaja swali la usalama: "Namba yako ya simu ya utotoni ni ipi?" Niliruka kwenye kiti. Miaka yote hii, leo mpangaji analipa kodi! Nikaiandika taratibu, nikiiimba. Yakatokea maandishi mekundu: "Weka namba sahihi yenye tarakimu kumi."

Nikapiga huduma kwa wateja. Baada ya muziki mrefu akapokea binti mmoja mwenye sauti ya upole.

"Mzee, hiyo namba haijakamilika."

"Binti yangu, ilikamilika kabla hujazaliwa."

"Labda kuna tarakimu umezisahau?"

Mimi! Nimesahau! Nikamwimbia yote, inavyopanda na inavyoshuka. Kukawa kimya.

"Vizuri, mzee. Ila mfumo unataka kumi."

"Hizo tano za kuongezea nizitoe wapi?"

"Basi chagua swali lingine. Hapa lipo la namba ya simu ya mwenzi wako."

Nikaziba simu kwa kiganja, nikapaza sauti. "Mama watoto! Namba yako ngapi?"

"Si unayo kwenye simu yako?"

"Simu yenyewe ndiyo naongelea!"

"Basi kata unibipu, uione."

"Nikikata nitaanza upya na muziki! Nitajie tu!"

Kimya. Akatokea mlangoni, simu yake mkononi, anaitazama kama ndiyo ameletewa leo. "Kwani mtu hujipigia mwenyewe? Yako wewe ngapi?"

"Mzee, upo?" akauliza binti.

"Nipo, mwanangu. Hebu niambie, hapo kwenye kompyuta yako unaiona namba ninayokupigia?"

"Naiona."

"Nisomee polepole. Naandika."