Ukuta ni wetu, kwa nini tusiupige picha?

Alfajiri moja wiki iliyopita nilikuwa nimesimamisha kamera yangu juu ya Oosterscheldekering, kizuizi kikubwa cha mafuriko ya bahari huko Zeeland, kusini-magharibi mwa Uholanzi, wakati gari la watunzaji wa kizuizi hicho liliposimama kando yangu. Mikono ilianza yenyewe kukunja miguu ya kamera. Dereva alishusha kioo, akanisalimu, akaniambia kwamba muda si mrefu maji yangeanza kupwa na picha ingependeza zaidi yakipita kwa kasi chini ya milango, kisha akaenda zake.

Ninyi mliokulia Dar es Salaam mnajua kwa nini mikono ilifanya vile.

Fikirieni nilikuwa nimesimama juu ya nini. Mwaka 1953 bahari ilivunja kingo za nchi hii usiku mmoja, ikaua watu 1,836, na kizuizi hiki cha kilomita 9, chenye milango 62 ya chuma, kilichofunguliwa rasmi mwaka 1986, ndicho kinachowapa watu wa Zeeland usingizi dhoruba inapovuma. Kama kuna mahali ambapo serikali ingeweza kudai kuwa ni nyeti, ni hapa. Lakini wamepitisha barabara na njia ya baiskeli juu yake. Mpango wa awali ulikuwa kuliziba hori lote, yaani mkono wa bahari ulio nyuma ya kizuizi, wavuvi wa kome na chaza pamoja na watetezi wa mazingira wakapinga, na ndiyo maana milango hukaa wazi na kufungwa tu bahari inapotishia. Watu waliobishania mchoro hadi ukabadilishwa hawaombi ruhusa ya kuutazama.

Nikiwa nyumbani likizo, kwenye ukuta wetu wa bahari, mlinzi mmoja alinitaka nifute picha za jua, za jua lenyewe na ngalawa mbili, bila kunionyesha kibao wala andiko lolote. Nilizifuta. Bado zinaniuma, kwa sababu jua letu linawashinda hawa kwa mbali: kwetu linatoka baharini moja kwa moja, mwaka mzima karibu na saa kumi na mbili, ilhali hapa linachomoza upande wa hori, bahari ikiwa mgongoni, na Desemba unalisubiri hadi karibu saa tatu asubuhi huku vidole vimekufa ganzi.

Najua nitaambiwa nimejisahau, kwamba kula jibini kumenifanya niwafundishe wenzangu ustaarabu. Sivyo, kwani mtu asiyejali kwao hakeshi akigombania picha ya ngalawa. Mwingine atasema hao wana pesa. Wanazo, na sijaomba tujenge milango 62. Kumwacha mtu apige picha hakuhitaji mkopo wala mfadhili. Wa tatu atataja usalama, nami namuuliza adui gani anayetegemea picha yangu ya macheo wakati setilaiti zinauona ukuta ule kila siku.

Mlinzi yule simlaumu, maana analinda kibarua chake na huenda hakuna aliyemweleza mipaka ya kazi yake. Ninachodai ni kibao. Kama ni marufuku, kiandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka, kitaje kitu gani hasa hakipigwi picha na nani ameamua hivyo. Na kama si marufuku, mlinzi aambiwe kabla hajaingia zamu.