Mwami Kigeli V angerudi tu nyumbani akiwa hai

Ukimtaja Kigeli V watu wengi wanakwambia aah, yule mfalme wa Rwanda aliyefukuzwa, basi stori imeisha, wakati mi naona kimbembe chenyewe kilianza baada ya hapo.

Kwanza huo ufalme hakuutafuta. Kaka yake wa baba mmoja, Mutara III Rudahigwa, alifariki ghafla Bujumbura Julai 1959 na hakuacha mtoto. Siku ya mazishi, tarehe 28, pale Mwima, Nyanza, mji wa wafalme wa Rwanda, wazee wa mila na wakubwa wa ikulu wakagoma, mwili hauingii kaburini mpaka mrithi atajwe, na Harroy, bosi wa Wabelgiji waliokuwa wakiitawala Rwanda, kasimama palepale hana taarifa yoyote, ndo likatajwa jina la Jean-Baptiste Ndahindurwa, kijana wa miaka 23, ndiye huyu Kigeli V. Huyu kazaliwa Kamembe baba yake Musinga akiwa tayari keshanyang'anywa kiti na Wabelgiji haohao, alafu utotoni familia ikahamishiwa Kongo. Yaani uhamishoni alikuwa mwenyeji kabla hata ya kuwa mfalme.

Novemba hiyohiyo moto ukawaka, nyumba za Watutsi zinachomwa, watu wanakimbilia Uganda, Tanganyika, Burundi na Kongo. 1960 akaenda Leopoldville (Kinshasa ya leo) kumuona Dag Hammarskjöld wa Umoja wa Mataifa, Wabelgiji wakamzuia kurudi. Septemba 1961 ikapigwa kura ya maoni, kama asilimia 80 wakaukataa ufalme, na mwenyewe hakuruhusiwa hata kujieleza. Hapo namtetea kabisa, ule mchezo haukuwa wa haki, ingawa tusidanganyane, sidhani kama angeshinda, Wahutu walishachoka na machifu wa Kitutsi na kazi za shokoa.

Baada ya hapo ni Dar, Kampala, Nairobi, mpaka 1992 Marekani wakampa hifadhi. Hebu fikiria mzee wa futi saba na ushee, mfalme, anaishi kwenye nyumba ya kupanga huko Virginia kwa misaada ya serikali, anatoa nishani na vyeo vya kifalme kwa wazungu wanaopenda mambo hayo, wengine wanamchangia chochote. Hakuoa, anasema mila hairuhusu Mwami, yaani mfalme, kuoa akiwa ugenini. Ndo msimamo huo, lakini jamani!

Ninapotofautiana naye ni hapa. Serikali ya Kigali ilishamwambia arudi kama raia wa kawaida, yeye akashikilia wananchi waulizwe kwanza kama wanataka mfalme. Sawa, kanuni ni kanuni, ila jirani hapo Uganda Mutebi alikubali 1993 kuwa Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, asiyegusa siasa na mpaka leo Baganda wanampigia magoti, na Simeon, mfalme wa zamani wa Bulgaria, alirudi akaongoza chama kwenye uchaguzi kama mtu yeyote akawa waziri mkuu 2001. Kigeli angekaa Nyanza tu, anakunywa maziwa yake na wazee wenzake, hiyo heshima angeipata bila kura.

Akafariki Oktoba 2016 akiwa na miaka 80, wasaidizi wake na ndugu zake wakagombania mwili mpaka mahakamani kulekule Virginia, ndugu wakashinda na Januari 2017 akazikwa Mwima karibu na Rudahigwa. Wasaidizi walidai mwenyewe hakutaka kuzikwa Rwanda. Mi nipo upande wa ndugu, mzee alishalala ugenini vya kutosha, hata kama angekuwepo angenibishia.