Acheni kufutafuta skopu jamani

Juzi nimeona kitu mpaka hamu ya chakula cha mchana ikaniisha. Tumeshuka kwenye gari, vumbi la kiangazi limetujaa mpaka kwenye kope, dogo mmoja mbeba bunduki anachukua bunduki ya .375 ya mteja aliyekuja kuwinda, anatema mate kidogo kwenye skopu, ile darubini ya juu ya bunduki, anavuta pindo la shati aliloshinda nalo porini, anaanza kusugua. Tena kwa bidii, ulimi umetoka pembeni! Mteja anafurahi, anamshika bega, anampa noti. Noti ya nini sasa? Kwa kuharibu skopu ambayo ukiiuza unapata pikipiki na chenji inabaki?

Nasema hivi, na wazee wa kambi nuneni mkitaka: skopu nyingi huku maporini haziuliwi na vumbi, zinauliwa na watu wasafi.

Ile rangi ya kijani au zambarau unayoiona ukiinamisha lenzi kwenye mwanga siyo urembo. Ni utando, na ulianza pale mwaka 1935 Alexander Smakula wa kampuni ya Zeiss kule Ujerumani alipopata namna ya kupaka kioo kisirudishe mwanga. Kioo kitupu kinarudisha kama asilimia 4 ya mwanga unapoingia, na unapotoka hivyo hivyo, sasa ndani ya skopu lenzi ziko kibao, we piga hesabu ya nyuso kumi tu, theluthi ya mwanga imeshapotea haijafika kwenye jicho. Utando ndio unaokuokoa hapo, na unene wake ni kama milimita moja uigawe mara elfu kumi. Halafu wewe unachukua chembe za mchanga, nyingine ngumu kuliko kioo chenyewe, unazikandamiza na shati lenye jasho na chumvi, unazungusha. Huo ni msasa, kaka.

Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba lile vumbi lilikuwa halikuzuii chochote. Vumbi kidogo kwenye lenzi ya mbele wala hulioni ukiangalia mnyama, liache mpaka jioni ukitulia kambini. Mkwaruzo nao mwanzoni hauonekani ndio maana watu wananibishia, "mbona inaona vizuri tu". Saa sita mchana kila skopu inaona vizuri, hata ile ya kuokota. Subiri siku ya chui.

Chui mnamjua, anakuja kwenye chambo jua likiwa linazama, na sheria yetu haitaki kuwinda usiku wala kummulika na taa, kwa hiyo una zile dakika chache za mwanga basi. Na lazima awe dume. Jua likipiga kwenye lenzi yenye mikwaruzo mwanga unatawanyika, kila kitu kinakuwa weupe mtupu, PH (mwindaji bingwa anayemwongoza mteja) ananong'ona "piga, piga", mteja haoni bega liko wapi, anabahatisha. Chui anaingia kwenye nyasi na jeraha. Sasa niambieni, anayetangulia kufuata damu pale ni nani, mteja? Ni sisi wafuata nyayo, na giza linaingia. Kwa hiyo nikigomba kuhusu kitambaa msidhani nahurumia mali ya mzungu, nahurumia uso wangu.

Haya, nakubali, kuna vitu huwezi kuviacha. Alama za vidole, damu, mafuta ya kusafishia bunduki ambayo watu wanayapuliza kama wanapulizia mende bila kufunika lenzi, hayo yatoe siku hiyo hiyo. Na ile dawa ya mbu yenye DEET, jamani, tunajua mbung'o hawana adabu lakini DEET inakula plastiki na mpira, ukishajipaka usishike skopu na kiganja hicho. Ila hata hapo kwanza pepea, na kale kapampu ka mpira ka kupuliza hewa, kisha brashi laini, ndio uje na kitambaa cha maikrofaiba kilicholoweshwa dawa ya lenzi kidogo (kwenye kitambaa, siyo kumwagia kwenye lenzi). Ukianza na kitambaa umeshakosea. Tishu ya chooni, dawa ya vioo vya madirisha, petroli, mate, sitaki hata kusikia.

Wa Dar na Tanga mna kesi yenu nyingine, kuvu. Msimu ukiisha mnafungia skopu kwenye begi la sponji gizani masika nzima, mkifungua mnakuta nyuzinyuzi kama buibui kapita, na asidi ya hiyo kuvu ikishachora kioo hakuna fundi. Weka sehemu kavu yenye hewa, tupia vile vipakiti vya silika vinavyonyonya unyevu. Na ukiona ukungu wa mvuke kwa ndani ujue mpira wa kuzibia umekufa na naitrojeni, ile gesi kavu iliyojazwa kiwandani, imeshatoka, usifungue na bisibisi yako ya redio.

Na vile vifuniko vya lenzi, mara nyingi vinakuja na skopu yenyewe, hulipii kitu, vinazuia nusu ya haya yote. Viko wapi? Kimoja nimekikuta jikoni kambini, mpishi anakung'utia majivu ya sigara.